Kipandikizi cha kidevu: kazi ya saa moja, na miezi ya kungoja

Msomaji mmoja mwenye umri wa miaka 31 ameandika: "Daktari, tangu ujana wangu kidevu changu kimerudi nyuma, na kila nikipigwa picha ya ubavuni naona kama shingo imeanzia mdomoni. Nimeonana na daktari wa upasuaji, naye amependekeza niwekewe kipandikizi cha silikoni kidevuni. Aliongeza kuwa tukiweka na mashavuni kwa siku hiyohiyo uso utakaa sawa zaidi. Anasema kazi haifiki saa mbili na kwamba baada ya wiki moja nitarudi kazini. Naomba unieleze kwa kirefu nitegemee nini kabla, siku yenyewe na baadaye. Je, kitu hicho kikishaingia kinakaa maisha yangu yote?"

Ndugu msomaji,

Nianze kwa kumtendea haki daktari wako: kuhusu muda hakukudanganya. Kidevu peke yake huchukua kati ya dakika 30 na saa moja kwa mtu aliyeizoea kazi hiyo, na mashavu mawili huongeza muda unaokaribiana na huo. Taabu ni kwamba muda wa mezani ndio sehemu fupi kuliko zote, na ndio unaotajwa zaidi. Katika kazi yangu ya upasuaji wa kinywa, taya na uso, walionijia na majuto hawakukilalamikia kisu. Walilalamika kwamba hakuna aliyewaambia kuwa uso watakaoukuta kwenye kioo siku ya tatu si ule waliouomba, na kwamba ule waliouomba utawafikia polepole, kwa miezi. Kwa hiyo nitapita upesi kwenye yale ambayo daktari wako atakueleza kwa vyovyote vile, nikae zaidi kwenye kungoja, kwenye ganzi, na kwenye swali moja linalopaswa kujibiwa kabla hujapanga tarehe.

Swali hilo ni hili: kidevu chako kimerudi nyuma kwa sababu gani? Kinachoonekana kwa nje kuwa kidevu kifupi kinaweza kuwa mambo matatu tofauti. Huenda ncha ya mfupa wa kidevu ni ndogo tu, huku taya lenyewe likiwa mahali pake na meno yakikutana vizuri. Mtu wa namna hii ndiye anayefaa kipandikizi. Huenda taya zima la chini ni fupi, meno ya juu yakiyatangulia ya chini kwa mbali, na hapo kipandikizi kitalifunika tatizo kwa nje na kuliacha ndani kama lilivyokuwa. Au huenda mfupa hauna kasoro yoyote, bali mafuta na ngozi ya chini ya kidevu vimeijaza ile pembe inayotenganisha taya na shingo. Maneno yako kwamba shingo imeanzia mdomoni yanaweza kuwa na maana yoyote kati ya hizo tatu.

Jipime mwenyewe mbele ya kioo. Uma meno ya nyuma kama unavyotafuna siku zote, bila kulisukuma taya mbele, kisha inua mdomo wa juu kwa kidole na utazame kwa ubavu. Kwa kawaida meno ya mbele ya juu huyatangulia ya chini kwa milimita 2 au 3 hivi. Ukiona pengo ambalo ncha ya kidole chako inaweza kuingia, usipange tarehe ya kipandikizi kabla hujaonana na mtaalamu wa kupanga meno na daktari anayefanya upasuaji wa kusogeza taya. Vilevile, kama unakoroma sana, au watu wa nyumbani wamewahi kukuambia kuwa pumzi hukukatika usingizini, mweleze daktari bila kuona haya, kwa maana taya fupi huibana njia ya hewa iliyo nyuma ya ulimi, na kipande cha silikoni kilichokaa mbele ya mfupa hakiipanui njia hiyo hata chembe.

Tuseme sasa meno yako yako sawa. Bado kipandikizi si njia pekee, na ningependa ujue ulichokiacha unapokichagua. Ipo njia ya kuukata mfupa wa kidevu kwa ulalo, kuusogeza mbele na kuushikiza kwa bamba dogo na skrubu za titani. Otto Hofer aliieleza mwaka 1942, na mwaka 1957 Richard Trauner na Hugo Obwegeser wakaonyesha namna ya kuifanya kupitia ndani ya kinywa bila kuacha kovu usoni. Ni upasuaji mkubwa zaidi, una uvimbe zaidi na ganzi zaidi, lakini hauachi kitu kigeni zaidi ya vyuma vidogo, na unaweza kukirefusha kidevu, kukifupisha au kukirudisha katikati kama kimepinda. Kipandikizi kinajua kazi moja, nayo ni kujaza. Kwa hiyo kwa mtu ambaye kidevu chake kina urefu wa kutosha, kimenyooka, na kinachohitajika ni milimita chache za kwenda mbele, mimi sioni vibaya kipandikizi. Kwa mtu ambaye kidevu ni kifupi pia kwa kimo, au kimekwenda upande, namshauri aufikirie mfupa wake mwenyewe.

Njia ndogo kuliko zote ni sindano za kujaza zenye asidi ya hayaluroniki. Hizi hudumu miezi kadhaa, pengine mwaka na zaidi, na zinaweza kuyeyushwa kwa kimeng'enya maalumu endapo hukupendezwa. Wapo wanaozitumia kama kionjo, yaani mtu akae na kidevu kipya kwa muda aone kama anajitambua kabla ya kuingia kwenye upasuaji. Nazo si za mchezo, kwa sababu dawa ikiingia ndani ya mshipa wa damu inaweza kuiua ngozi ya sehemu hiyo, kwa hiyo ni kazi ya mtu aliyesomea. Ninachokukataza kabisa ni silikoni ya majimaji ya kudungwa, ambayo watu huichanganya na kipandikizi kwa sababu ya jina. Ile husambaa kwenye nyama, huleta vinundu vigumu miaka baadaye, na haiondoki bila kuondoka na nyama yenyewe.

Kuhusu mashavu nitasema wazi kwamba mimi nisingeyaweka siku hiyohiyo. Sababu yangu si kwamba ni hatari kubwa, ingawa kila kidonda unachokiongeza ndani ya kinywa ni mlango mwingine wa vijidudu. Sababu ni kwamba uso hausomwi kipande kwa kipande. Kidevu kikisogea mbele, pua huonekana ndogo kuliko ilivyokuwa, mstari wa taya hujitokeza, na mashavu ambayo leo yanaonekana bapa yanaweza kukaa sawa bila kuguswa. Uvimbe ukiisha, yaani baada ya nusu mwaka hivi, utauona uso wako mpya na kuuliza tena kama mashavu yanahitaji chochote. Endapo daktari wako ana sababu inayoonekana kwenye picha, kwa mfano mfupa wa chini ya jicho ulioingia ndani kiasi kwamba mboni inautangulia unapotazamwa kwa ubavu, akuonyeshe hapo kwenye picha. Kauli kwamba uso utakaa sawa zaidi haitoshi.

Sasa kitu chenyewe. Omba ukishike mkononi kabla ya siku ya upasuaji, kwa kuwa wagonjwa wengi hutulia wakikiona. Kipandikizi cha kidevu cha silikoni kinafanana na mwezi mwandamo: katikati ni kinene, na mabawa yake mawili hupungua unene kadiri yanavyokwenda pembeni hadi ncha zikawa nyembamba mno, ili yakae juu ya taya bila kuacha ukingo wa kugusika. Ukikikunja kati ya vidole kinajikunjua kama kifutio cha penseli. Ni silikoni ngumu, ya kipande kimoja, haina majimaji ndani, kwa hiyo ile hofu ya kupasuka na kuvuja, ambayo watu wameichukua kutoka kwenye habari za matiti, hapa haina nafasi. Mwili haushikamani nacho. Unajenga utando wa nyuzinyuzi kukizunguka, kama mfuko, nacho kinakaa humo.

Ipo pia polietilini yenye vitundu, aina ya plastiki, ambayo ni ngumu zaidi na ambayo nyama na mishipa midogo ya damu huingia ndani ya vitundu vyake na kukishika. Sifa hiyo ina pande mbili. Kipandikizi kilichoshikwa hakitembei, lakini siku ukitaka kitolewe, daktari atakichimba, wakati kile cha silikoni huteleza na kutoka kwenye mfuko wake kwa dakika chache. Kwa mtu anayeanza, ambaye hana hakika ya asilimia mia, naelekea upande wa silikoni kwa sababu hiyo tu. Vipo na vile vinavyochongwa kwa kipimo cha mtu mmoja kutokana na picha ya CT ya fuvu lake. Hivyo ni muhimu kwa walioumia au waliozaliwa na nusu ya uso isiyokua sawa, lakini kwa kidevu cha kawaida saizi za kiwandani hutosha mara nyingi.

Neno moja juu ya saizi. Tunazungumzia milimita: 5, 7, mara chache kufika 10. Kwenye rula tofauti ya milimita mbili haionekani kuwa kitu, lakini usoni ndiyo inayomfanya jirani aseme umependeza au aulize umefanya nini. Ile picha ya kompyuta utakayoonyeshwa ni ya kuwasaidia wewe na daktari kuelewana mnachokitaka. Ngozi, msuli na uponaji wako havijaiona. Na mtazame vizuri nyote wawili ulinganifu wa uso wako wa sasa, kwa kuwa hakuna uso ulio sawa pande zote, na kipandikizi kilichokaa katikati kabisa juu ya taya lililopinda kidogo kitakitangaza kipindo ambacho hakuna aliyewahi kukiona.

Maandalizi yenyewe ni ya kawaida, isipokuwa jambo moja ambalo madaktari wengine hulipita, nalo ni meno. Jino lililooza hadi kwenye mzizi, au fizi zinazotoka damu kila ukipiga mswaki, zitibiwe kwanza na zipone, kwa sababu usaha wa mzizi wa jino la mbele unakaa jirani kabisa na mahali kipandikizi kitakapolala. Sigara iachwe angalau wiki 4 kabla na wiki 4 baada. Nikotini huibana mishipa midogo ya damu inayokilisha kidonda. Kisukari kiwe kimedhibitiwa. Aspirini na dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni huongeza kutoka damu, na kwa kawaida husimamishwa wiki moja au mbili kabla, ila kama unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda kwa ajili ya moyo au mishipa, usiisimamishe kwa neno langu wala la mtu yeyote asiyekuwa daktari aliyekuandikia. Taja na dawa za mitishamba na virutubisho, hata ukidhani havina maana. Kama utalazwa usingizi, chakula kigumu huachwa saa 6 kabla, au zaidi ukiambiwa, na maji matupu saa 2 kabla.

Siku yenyewe utalala kwa usingizi kamili au utapewa dawa ya kukutuliza pamoja na sindano za ganzi. Mkato hupita mahali pamoja kati ya pawili. Wa kwanza ni chini ya kidevu, kwenye mkunjo wa ngozi, urefu wa sentimita 2 au 3. Unaacha kovu dogo ambalo kwa wengi hufifia, ingawa mwenye asili ya makovu yanayovimba anapaswa kulisema hilo mapema. Wa pili ni ndani ya kinywa, kati ya mdomo wa chini na fizi. Hauachi kovu la nje, lakini unapita kwenye mate na vijidudu vyake, na unalazimika kuukata msuli wa kidevu. Msuli huo usiposhonwa upya mahali pake, mdomo wa chini unaweza kushuka na kuyaacha meno ya chini wazi. Baada ya hapo daktari anatengeneza mfuko mdogo moja kwa moja juu ya mfupa, usiopita kipimo, anakiingiza kipandikizi bawa moja baada ya jingine, anakagua mstari wa katikati, anakishikiza kwa uzi au kwa skrubu, kisha anashona. Ukiamka utakuta kidevu kimefungwa plasta kwa mkazo, na mara nyingi utarudi nyumbani siku hiyohiyo ukiwa na mtu wa kukusindikiza.

Usiku wa kwanza hauumi kama watu wanavyodhani. Wengi husema ni kukazwa kuliko kuumwa, na dawa za kawaida za maumivu hutosha. Kinachowatisha kinakuja baadaye, kwani uvimbe haufiki kilele siku ya upasuaji. Unafika kati ya saa 48 na 72. Asubuhi ya siku ya tatu utajitazama na kuona kidevu kikubwa, kinachong'aa, chenye rangi ya damu iliyovilia ambayo huenda imeshuka hadi shingoni kwa sababu damu hufuata mteremko, na mdomo wa chini uliokakamaa kiasi kwamba tabasamu halitoki. Mgonjwa wangu mmoja alinipigia simu siku hiyo akaniambia, kwa sauti ya mtu aliyelia, kwamba nimempa kidevu cha babu yake. Nilimwomba afunike kioo kwa kitambaa hadi siku ya kumi. Wiki ya pili aliniletea picha mwenyewe, na hatukuzungumza tena juu ya babu.

Naitaja simu hiyo kwa sababu huzuni ya siku hizo ni sehemu ya uponaji na inapaswa kutangazwa mapema kama uvimbe unavyotangazwa. Mtu hajalala vizuri, hajatafuna, sura yake haimjibu kwenye kioo, na anajilaumu kwamba alijitakia. Panga awepo mtu wa kukaa nawe siku 3 au 4 za kwanza, na usifanye uamuzi wowote juu ya kipandikizi katika wiki hizo mbili, isipokuwa kuna dalili ya hatari nitakayoitaja. Lakini kama kwa miaka mingi fikra za kidevu hiki zimekula saa nzima za siku yako, zimekufanya ukwepe watu, na kila unayemuuliza haoni unachokiona wewe, zungumza na mtaalamu wa afya ya akili kabla ya upasuaji. Hali hiyo ina tiba, na kisu si tiba yake. Mara nyingi kisu huihamishia kwenye kiungo kingine.

Katika siku hizo lala chali, kichwa kikiwa kimeinuka kwa mito miwili, kwa wiki 2 hivi. Weka kitu cha baridi kilichofungwa kitambaa kwa vipindi vya dakika 15 au 20 katika siku mbili za mwanzo, na kamwe usiweke barafu juu ya ngozi iliyo na ganzi, kwa kuwa itaungua bila wewe kujua. Kama mkato uko kinywani, kula vitu laini na vya vuguvugu, sukutua kila baada ya kula kwa dawa uliyopewa, mara nyingi ya klorheksidini, na piga mswaki meno ya juu kama kawaida huku ukiyaendea ya chini kwa tahadhari. Nyuzi za ndani huyeyuka zenyewe ndani ya wiki kadhaa; za nje hutolewa kati ya siku ya 5 na ya 7. Mazoezi mazito yasubiri wiki 3, na michezo ya kugongana angalau wiki 6.

Kurudi kazini baada ya wiki moja kunawezekana kwa kazi ya mezani, kwa mtu asiyejali kuulizwa maswali. Kwa anayetaka asiulizwe, namwambia siku 10 hadi 14. Kazi ya kuzungumza na watu kutwa, kama ualimu, inahitaji muda zaidi kidogo, kwa sababu herufi zinazotaka midomo ikutane, b na p na m, hutoka kwa uzito mwanzoni. Sehemu kubwa ya uvimbe huisha ndani ya wiki 2 au 3, iliyobaki hujivuta kwa miezi 3 hadi 6, na umbo la mwisho usilihukumu kabla ya hapo. Mara nyingi upande mmoja hutangulia kupungua. Wiki ya nne kidevu kinaweza kuonekana kimekwenda kushoto, na wiki ya nane kikawa katikati bila mtu kukigusa.

Sasa ganzi. Neva inayokupa hisia ya mdomo wa chini na kidevu hutoka kwenye kitundu cha taya, kila upande kimoja, chini ya mizizi ya magego madogo, na bawa la kipandikizi hupita milimita chache chini ya kitundu hicho. Hata daktari mwangalifu kuliko wote huivuta kidogo anapotengeneza nafasi. Kwa hiyo tegemea ganzi. Usiichukulie kuwa ajali. Utakunywa kwenye kikombe na tone litateremka kidevuni bila habari, na utalijua kwa macho ya aliyekaa mbele yako. Utajing'ata mdomo na kugundua kwa ladha ya damu. Wiki kadhaa baadaye huanza vijichomo kama siafu wanaotembea chini ya ngozi, wakati mwingine mshtuko mfupi kama wa umeme, nazo ni habari njema, kwa kuwa neva inaamka. Kwa wengi hisia hurejea ndani ya wiki hadi miezi michache. Kwa wachache hubaki sehemu ndogo yenye hisia hafifu kwa kudumu, na huo ni uwezekano ambao unapaswa kuukubali kabla ya kusaini. Ganzi ya upande mmoja iliyo kamili tangu siku ya kwanza na isiyobadilika hata kidogo kwa wiki kadhaa inahitaji uchunguzi, kwa sababu bawa linaweza kuwa limeikalia neva, na kulisogeza mapema ni bora kuliko kungoja. Mashavuni neva ni nyingine, ile inayotoka chini ya jicho, na ganzi yake huenda kwenye mdomo wa juu, ubavu wa pua na meno ya mbele.

Dalili zinazotaka urudi hospitali siku hiyohiyo si nyingi. Upande mmoja kuvimba ghafla na kukaza ndani ya saa chache huonyesha damu inayojikusanya. Homa, wekundu unaoenea, maumivu yaliyokuwa yakipungua kisha yakapanda tena kuanzia siku ya nne au ya tano, usaha au ladha mbaya inayotoka kwenye mkato, na hasa ukiona kitu cheupe chenye kung'aa katikati ya nyuzi za fizi, yote hayo yasisubiri miadi. Vijidudu vikishajenga utando wao juu ya kipandikizi, antibiotiki haiwafikii vizuri, kwa maana kitu hicho hakina damu inayopita ndani yake. Kwa sababu hiyo kipandikizi kilichoambukizwa mara nyingi hutolewa, kidonda kikapona kwa miezi kadhaa, ndipo kipya kikafikiriwa. Maambukizi hayatokei kwa wengi, na mgonjwa anayekuja mapema hupoteza kipandikizi tu, si zaidi.

Kinakaa maisha yote? Kinaweza. Silikoni hii haina tarehe ya kubadilishwa, na wapo watu waliokaa nayo kwa makumi ya miaka. Lakini ujue jambo moja ambalo limeandikwa tangu mwaka 1969: mfupa ulio chini ya kipandikizi cha kidevu unaweza kulika polepole kutokana na mgandamizo. Kwa wengi ni unyayo wa kina kidogo, hausikiki wala hauonekani ila kwenye picha. Huwa tatizo pale kipandikizi kilipowekwa juu mno, kwenye mfupa mwembamba unaobeba mizizi ya meno, badala ya kukaa kwenye ukingo wa chini wa taya ambao ni mgumu kama jiwe. Kwa hiyo muulize daktari wako mahali atakapokiweka na namna atakavyokishikiza, na uombe picha ya eksirei ya pembeni baada ya mwaka, ili iwepo ya kulinganishia siku zijazo.

Kukitoa kunawezekana siku yoyote. Nisichoweza kukuahidi ni kwamba uso utarudi ulivyokuwa, kwa kuwa ngozi na msuli vilivyonyooshwa, hasa na kipandikizi kikubwa au cha miaka mingi, vinaweza kulegea na kukunjamana vikikosa cha kuvishika. Hiyo ni sababu nyingine ya kuchagua ndogo kati ya saizi mbili unazositasita.

Mwisho, siku utakapotoka hospitali usiondoke bila kadi au karatasi inayoandika aina ya kipandikizi, mtengenezaji, saizi na namba ya toleo, na uipige picha ibaki kwenye simu. Daktari wako anaweza kuhama, na atakayekuhudumia miaka 15 baadaye hatakuwa na njia nyingine ya kujua alichokikuta. Silikoni haizuii kipimo cha MRI, lakini mpiga picha aambiwe. Daktari wa meno ndiye wa kwanza kumwambia kabla hajakuchoma sindano ya ganzi kwenye meno ya mbele ya chini, maana sindano iliyopita kwenye fizi na kugusa kipandikizi inaweza kuingiza vijidudu mahali palipokuwa safi kwa miaka yote hiyo.